Nimeandika kurasa 14 na bado sikufaulu: HND ya biashara inataka nini?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili na ni karani wa hesabu katika kampuni ya usafirishaji wa mizigo. Mwaka huu nimeanza HND ya biashara (Higher National Diploma, yaani stashahada ya juu ya Uingereza), hii ya BTEC, vile vyeti vinavyolenga kazi. Niliichagua kwa sababu niliambiwa haina mitihani, ni kazi za kuandika tu. Kazi ya kwanza ilihusu mazingira ya biashara. Niliandika kurasa 14, nikaweka PESTLE (siasa, uchumi, jamii, teknolojia, sheria na mazingira), SWOT (nguvu, udhaifu, fursa na vitisho) na nadharia nyingine nilizozipata, lakini imerudi na maelezo kwamba vigezo viwili vya P sijavifikia, hivyo niirudie. Kuna wenzangu walioandika kurasa nane wakapita. Nimekosea wapi? Nitawezaje kusoma huku nafanya kazi? Na nikimaliza, chuo kikuu kitanipokea au nitaanza upya mwaka wa kwanza?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nianze na hilo la mitihani, maana ndilo linalowaponza wengi.

Ni kweli kwamba katika HND masomo mengi hupimwa kwa kazi unazoandika, unazowasilisha mbele ya watu au unazofanya kama mradi. Lakini aliyekwambia hivyo hakumaliza maneno. Kwenye mtihani wa kawaida ukishindwa swali la tatu, la tano linaweza kukuokoa, kwa sababu alama zinajumlishwa. Huku hakuna kujumlisha. Kila somo lina orodha ya vigezo vilivyoandikwa P1, P2, P3 na kuendelea, kisha vya M, kisha vya D: P ni Pass, yaani kupita, M ni Merit, yaani vizuri, na D ni Distinction, yaani vizuri sana. Ili upite somo lazima utimize kila P, yaani kila kimoja. Ukifanya vizuri ajabu kwenye P tano na ukaacha moja wazi, somo hilo hujapita. Kurasa 14 ambazo hazijagusa P mbili ni sawa na kurasa ambazo hazijakamilika. Wenzako wa kurasa nane, bila shaka, waligusa vyote.

Kwa hiyo sioni kwamba tatizo lako ni uvivu au uwezo mdogo. Naona uliandika kuhusu mada badala ya kujibu kigezo. Nimesahihisha kazi za namna hiyo kwa miaka mingi na zinafanana sana: mwanafunzi anakusanya kila anachokijua juu ya mazingira ya biashara, anakipanga vizuri, halafu anatarajia msahihishaji atafute mwenyewe humo ndani jibu la P3. Msahihishaji haruhusiwi kukukisia. Anachofanya ni kuuliza: ushahidi wa P3 uko wapi? Akiuona anaweka alama, asipouona anaandika kwamba haupo. Tena kazi yake hupitiwa na mhakiki wa ndani wa chuo, na baadaye mtahini wa nje anayeletwa na Pearson, kampuni inayotoa cheti hiki, huchukua sampuli. Hata msahihishaji akikuonea huruma, hawezi kukupa P isiyoonekana kwenye karatasi.

Chukua sasa ile karatasi ya maelekezo ya kazi. Usitazame kichwa cha habari wala kile kisa cha kampuni kwanza. Nenda kwenye jedwali la vigezo na upigie mstari kitenzi cha kila kimoja. Kuna kinachokuambia ueleze, kingine uchanganue, kingine utathmini, kingine utoe sababu za uamuzi. Hizo ni kazi nne tofauti. Ukiambiwa uchanganue uhusiano wa idara mbili na wewe ukaeleza idara ya kwanza inafanya nini, kisha ya pili inafanya nini, uhusiano wenyewe hujaugusa, hata ungejaza kurasa tano.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu, nikuonyeshe tofauti ya P, M na D kwa tarakimu. Nimezitunga, lakini zinaweza kabisa kuwa za kampuni kama yenu. Mali za muda mfupi ni 84,000. Ndani yake kuna vipuri na matairi yaliyoko stoo 45,000, wateja wanaodaiwa 33,000 na fedha taslimu 6,000. Madeni yanayotakiwa kulipwa ndani ya mwaka ni 56,000. Umeambiwa upime uwezo wa kampuni kulipa madeni yake.

Mwanafunzi wa P anagawanya 84,000 kwa 56,000, anapata 1.5, na anaeleza kwamba kila deni la 1 lina mali ya 1.5 ya kulilipa. Sahihi, na P yake anayo.

Mwanafunzi wa M anasita hapo. Anaona kwamba zaidi ya nusu ya mali hizo ni vipuri, na vipuri havilipi mshahara. Anaviondoa, zinabaki 39,000, anagawanya kwa 56,000 anapata karibu 0.7. Sasa picha imegeuka: hata wateja wote wakilipa leo, bado kuna pengo la 17,000. Kisha anatafuta chanzo. Mafuta yanalipwa kila wiki, wateja wakubwa wanalipa baada ya siku 60, na stoo inajazwa matairi kwa kuhofia bei kupanda. Huyu ameunganisha namba na jinsi kampuni inavyoendeshwa, na huko ndiko kuchanganua.

Mwanafunzi wa D anaenda kwenye uamuzi. Kampuni ifanye nini: ikope kwa muda mfupi, ipunguze stoo, au iwabane wateja walipe ndani ya siku 30? Anapima kila njia. Mkopo unaleta riba na hauondoi chanzo. Kuwabana wateja kunaweza kumpeleka mteja mkubwa kwa mshindani. Kupunguza stoo kunatoa fedha haraka, ila lori likiharibika njiani bila kipuri hasara ni kubwa. Anachagua, anasema kwa nini, na anakiri mipaka ya ushahidi wake: tarakimu ni za siku moja ya kufunga mwaka, na huenda mwezi uliofuata hali ilikuwa nyingine. Huyo amehukumu, na hukumu yake inaweza kufuatiliwa hatua kwa hatua.

Sasa tazama urefu. Jibu la D halikuhitaji kurasa nyingi kuliko la P. Liliuliza swali la pili na la tatu juu ya namba ileile. Wanafunzi wengi wakiitaka M huongeza nadharia nyingine, na ndivyo kazi inavyovimba bila kupanda.

Hapo nifike kwenye PESTLE yako. Sina ugomvi nayo, lakini imekuwa kama chumvi, kila chungu inatiwa. Mwanafunzi anaweka herufi zote sita, anaandika aya moja chini ya kila herufi, na aya hizo zingeweza kuhusu kampuni yoyote duniani: serikali huweka kodi, uchumi hupanda na kushuka, teknolojia inabadilika. Ukifuta jina la kampuni ukaweka la nyingine na aya isibadilike, aya hiyo haina kazi. Afadhali uchukue mambo mawili tu yanayoiuma kampuni hiyo kweli, kwa mfano bei ya mafuta na sheria ya uzito wa malori, ukayafuata hadi kwenye gharama, ratiba na wateja. Kama kigezo kinadai mambo yote sita, yaweke, lakini yasiyo na uzito yapewe sentensi mbili na yenye uzito yapewe nafasi.

Ni hivyohivyo kwa nadharia za watu. Ngazi ya mahitaji ya Maslow, kuhusu kinachomsukuma mtu, ni ya mwaka 1943, hatua za timu za Tuckman, kuhusu jinsi timu inavyokua, ni za 1965, na nguvu tano za Porter, za kupima ushindani, ni za 1979. Hakuna ubaya kutumia vitu vya zamani, bado vinafundishwa kwa sababu vinasaidia kupanga mawazo. Ubaya ni kuvieleza kana kwamba msahihishaji havijui. Mchoro wa piramidi ya Maslow ulionakiliwa kutoka kwenye intaneti haukupatii kitu. Unachopata alama kwacho ni sentensi kama hii: madereva wetu waliongezewa posho lakini waliendelea kuondoka, na tulipowauliza wakasema ratiba zinabadilishwa bila wao kuambiwa, hivyo ngazi ya chini ya Maslow, ile ambayo fedha huitimiza, haikutosha kueleza hali hii. Umeitumia nadharia na umeipima hapohapo.

Na hapa una mtaji ambao kijana aliyetoka shule hana. Upo ndani ya kampuni. Unaona ankara zinavyochelewa, unajua nani anamsubiri nani asaini. HND ilibuniwa kwa ajili ya elimu inayogusa kazi, na msahihishaji hufurahi akikutana na mfano ambao haukutoka kwenye kitabu. Ila omba ruhusa ya mkuu wako kwa maandishi kabla ya kutumia takwimu za ndani, na ufiche jina la kampuni na la wateja. Kama akikataa, tumia hesabu za kampuni kubwa ambazo huchapishwa kwa umma, na uzoefu wako ukusaidie kuzisoma.

Tuje kwenye kurudia. Kwa kanuni za Pearson, mtu ambaye hakupita somo kwa mara ya kwanza anapewa nafasi moja ya kupimwa tena, na kwa kawaida unairekebisha kazi ileile. Somo hilo litaishia P, hata ukiandika kitu cha D. Usiumie, nitakuonyesha baadaye kwa nini haina madhara makubwa mwaka huu. Vigezo ulivyokwisha kupewa havipimwi tena, kwa hiyo usiivunje kazi nzima ukaanza upya. Watu wanafanya hivyo kwa hasira na wanaharibu hata palipokuwa pazuri.

Fanya hivi. Chukua vigezo viwili ulivyokosa, kila kimoja ukipe kichwa chake cha habari chenye namba yake, P3 au chochote kile, na uandike chini yake jibu la kigezo hicho tu. Baada ya kila aya jiulize kama kitenzi kimetekelezwa. Kama msahihishaji ameandika maelezo usiyoyaelewa, nenda umuulize, na usimuulize kama kazi ni nzuri. Muulize: ushahidi gani ungekufanya uweke alama kwenye kigezo hiki? Swali hilo lina jibu, na walimu wengi hulijibu kwa moyo mmoja. Nenda mapema, si usiku wa kuamkia siku ya kukusanya. Ukishindwa na nafasi hiyo ya pili, chuo kinaweza kukuruhusu kulisoma somo lote upya, mara moja tu, kwa kulilipia tena, na bado litaishia P.

Kuna kishawishi cha njia ya mkato, nami nitakisema wazi kwa sababu kwenye makundi ya wanafunzi kinauzwa hadharani: kazi zilizokwisha kufaulu za miaka iliyopita, watu wa kukuandikia kwa malipo, na programu za akili unde zinazokutolea kurasa kumi kwa dakika moja. Kuwasilisha kazi isiyo yako kama yako ni udanganyifu, awe ameiandika mtu au mashine. Lakini hata tukiweka adhabu kando, kazi hizo huwa dhaifu pale hasa HND inapodai nguvu. Hazijui lolote kuhusu matairi 40 yaliyolala stoo kwenu. Kama chuo chako kinaruhusu kutumia programu hizo kukueleza dhana ngumu au kukusahihishia lugha, zitumie kwa kiwango hicho na uliseme hilo kwenye kazi. Na kila ulichokichukua kwa mtu, ukitaje ndani ya aya na kwenye orodha ya marejeo. Vyuo vingi hutaka mtindo wa Harvard, ule wa kutaja jina la mwandishi na mwaka. Andika marejeo siku unaposoma, kwa kuwa kuyatafuta baadaye ni mateso.

Kuhusu muda, hesabu ziko wazi na ni vizuri uzione kabla hazijakushtukiza. HND nzima ni krediti 240: 120 za ngazi ya 4, yaani nusu ya kwanza, ambazo peke yake ni cheti kinachoitwa HNC, na 120 za ngazi ya 5. Kwa kawaida krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi, hivyo somo la krediti 15 ni saa 150. Kati ya hizo, saa 60 hivi ni za kufundishwa na kuongozwa, na 90 zilizobaki ni zako mwenyewe: kusoma, kukusanya taarifa, kuandika, kurekebisha. Ukibeba masomo manne kwa wakati mmoja katika muhula wa wiki 15, saa zako binafsi ni 360, yaani 24 kila wiki, bado hujaingia darasani. Kwa mama wa watoto wawili mwenye ajira ya siku nzima, hilo sikushauri. Masomo mawili kwa wakati mmoja yanakupeleka kwenye saa 12 kwa wiki. Hizo zinapatikana, ingawa si bila jasho. Uliza chuo chako kama kina mpangilio wa muda nusu. Vingi vinao na havitangazi.

Saa 12 hizo usizipange zote usiku. Kuandika uchambuzi kunahitaji akili iliyoamka, kwa hiyo tafuta asubuhi mbili za mapema au nusu siku ya mwisho wa wiki, na usiku uuachie kusoma, kupanga marejeo na kuchora majedwali. Ukipewa kazi leo, jaribu ndani ya siku tatu kuandika sentensi moja tu chini ya kila kigezo, hata kama ni mbaya. Sentensi hizo zitakuonyesha mapema kigezo usichokielewa, na bado utakuwa na wiki za kumuuliza mwalimu.

Sasa ile ahadi yangu kuhusu alama. Daraja la jumla la HND hupatikana kwenye masomo ya ngazi ya 5 peke yake. Ngazi ya 4 lazima uipite, lakini haiingii kwenye hesabu hiyo. Kila krediti ya ngazi ya 5 ina pointi 4 ukipata P, 6 ukipata M, na 8 ukipata D. Jumla ikianzia 420 ni daraja la P, ikifika 600 ni M, ikifika 840 ni D. Kwa hiyo P hii ya kurudia unayoililia haitaonekana kwenye daraja lako la mwisho. Mwaka wa kwanza ni wa kujifunza mchezo, na wewe umeshalipia somo lako la kwanza.

Kitakachokubeba ni mradi wa utafiti wa ngazi ya 5, ambao ni krediti 30, mara mbili ya somo la kawaida. Tuseme masomo sita yaliyobaki umepata M matatu na P matatu: 270 na 180, jumla 450. Mradi ukiupata P unaongeza 120, unafika 570, na daraja lako ni P. Ukiupata M unaongeza 180, unafika 630, na daraja lako ni M. Mradi mmoja umebadilisha cheti kizima. Anza kufikiria mada yake mapema, na uitafute pale pale kazini. Ile tabia ya wateja kulipa baada ya siku 60, kwa mfano, ni mada nzuri: ni finyu, data ipo, na kuna mtu anayehitaji jibu.

Mwisho, chuo kikuu. HND iko kwenye kiwango cha miaka miwili ya kwanza ya shahada ya miaka mitatu ya Uingereza, yenye krediti 360 kwa jumla. Ndiyo maana vyuo vingi huwapokea wenye HND moja kwa moja kwenye mwaka wa mwisho, ambapo unasoma krediti 120 zilizobaki. Lakini kupokewa ni uamuzi wa chuo, wala si haki inayokuja na cheti. Vingine hutaka daraja la M kwa jumla, vingine huangalia kama ulisoma masomo fulani, hasa ya fedha na utafiti, na vingine hukuweka mwaka wa pili. Nje ya Uingereza kila nchi ina mamlaka yake ya kutambua vyeti vya kigeni, na jibu la nchi moja halikusaidii kwenye nyingine.

Kwa hiyo fanya mambo mawili mwezi huu. La kwanza, iombe ofisi ya chuo chako ikupe namba yako ya usajili wa Pearson. Kuandikishwa chuoni ni jambo moja na kusajiliwa Pearson ni jambo lingine, na bila usajili huo cheti hakitoki. Chuo kikikuzungusha kwa wiki kadhaa, iulize Pearson yenyewe kama kimeidhinishwa kutoa HND ya biashara. La pili, chagua vyuo vikuu viwili au vitatu unavyovitaka na uviandikie sasa, kabla hujachagua masomo ya ngazi ya 5. Taja jina kamili la HND yako na masomo unayofikiria kuyachukua, uliza wataingiza mwaka gani na kwa daraja gani, na uombe jibu kwa barua pepe. Ukilipata lihifadhi, maana ofisa aliyekujibu leo huenda asiwe ndiye atakayefungua maombi yako miaka miwili ijayo.